Mwalimu Nyerere na somo la udongo wa Dodoma

MKULIMA anayepita leo kando ya makorongo ya Haubi, wilayani Kondoa, anaona miti, vichaka na majani mahali ambapo wazee wake waliona ardhi nyekundu iliyo tupu. Yapo makorongo ambayo zamani yalimeza mashamba na njia za ng'ombe, na sasa yameshikwa na mizizi. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1990 anaweza kudhani kuwa hali ilikuwa hivyo siku zote. Haikuwa hivyo.

Ardhi hiyo iliponywa kwa kazi, kwa fedha na kwa uchungu mkubwa wa watu waliokuwa na mifugo. Habari yake haiwezi kuelezwa vizuri bila kumtaja Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa Kwanza wa Tanzania, aliyefariki dunia Oktoba 14, 1999. Wengi wanamkumbuka kwa uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Wachache wanamkumbuka kama mtu aliyehangaika karibu maisha yake yote na swali moja ambalo bado linawasumbua maofisa ugani, viongozi wa vijiji na wanaharakati wa mazingira: Mkulima na mfugaji waelezwe vipi habari ya kutunza ardhi, hata waifanye wenyewe bila kusukumwa?

Mwalimu alijaribu njia nyingi. Nyingine zilifanikiwa, nyingine zilileta hasara. Kwa mkulima na mfanyabiashara wa leo, zote mbili zina faida ya kujulikana.

Mchunga mbuzi wa Butiama

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria, katika mkoa unaoitwa sasa Mara. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alikua kama watoto wengine wa kijijini, akichunga mbuzi na kusaidia kazi za shamba. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

Baada ya kufundisha Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952. Akaajiriwa kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa Rais wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya kufundisha darasani ili afanye siasa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha. Ndilo jina ambalo wananchi wanamwita hadi leo.

Jina hilo lilimfaa, kwani hata katika siasa aliendelea kufundisha. Alitumia Kiswahili chepesi, mifano ya shamba na zizi, na mzaha uliowafanya wasikilizaji wacheke kwanza na kufikiri baadaye. Aliandika mashairi, na alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Alijua kuwa neno zuri likisemwa kwa lugha asiyoielewa msikilizaji ni kelele tu.

Matuta ya mkoloni

TANU ilipoanza kupita vijijini ilikuta watu wenye hasira. Moja ya sababu za hasira hiyo, mkulima wa leo anaweza kushangaa, ilikuwa ni hifadhi ya ardhi.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza ilikuwa na wasiwasi kuhusu mmomonyoko wa udongo. Wasiwasi huo ulikuwa wa kweli. Lakini dawa yake ililetwa kwa amri. Wakulima wa milima ya Uluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyechimba alitozwa faini. Usukumani wafugaji walitakiwa kupunguza ng'ombe. Kondoa nako watu walihamishwa na kuwekewa masharti ya kulima na kulisha. Hakuna aliyekaa nao chini kuwauliza kama matuta yale yangewapa mahindi zaidi, au kama kulikuwa na njia nyingine. Kwa Waluguru matuta mengi yalikuwa kazi nzito isiyo na mavuno ya kuonekana. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, askari wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa.

Wakulima hao waliona TANU kuwa ndiyo mlango wa kutokea. Kadi za chama ziliuzwa haraka mahali ambapo amri za kilimo zilikuwa kali. Hivyo hasira juu ya matuta ilisaidia kuleta uhuru. Lakini iliacha deni. Serikali mpya ilipoingia madarakani Desemba 9, 1961, maneno kama matuta na kupunguza mifugo yalikuwa yamekwisha kuharibika jina. Mtu aliyeyataja alionekana kama bwana shamba wa mkoloni aliyerudi na sura nyeusi. Mwalimu na wenzake, waliopata nguvu kutokana na hasira ile, ndio sasa walitakiwa kumshawishi mkulima yule yule kwamba udongo unaokwenda na maji ni mali yake inayopotea.

Funzo la Kongwa

Uwanda wa kati ulikuwa na funzo lake lingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika ili kupata mafuta ya kula. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, mwaka 1947. Mpango mzima ulikuwa wa kufyeka zaidi ya eka milioni tatu. Yaliletwa matrekta na mashine nzito, na wataalamu kutoka ng'ambo.

Wagogo walioishi pale walijua kuwa mvua ya Kongwa haiaminiki na kwamba udongo wake ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Wapangaji hawakuyapa maarifa hayo uzito. Matrekta yalivunjika kwenye visiki vya mibuyu na vichaka, mvua ikakosekana, na karanga zikang'ang'ania ardhini wakati wa kuvuna. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea, na ardhi iliyofyekwa ikiwa imeachwa wazi kwa upepo.

Kongwa ilionyesha mapema kuwa elimu ya ardhi haitoki upande mmoja tu. Mtaalamu ana lake, na mkulima aliyeishi pale miaka 40 ana lake. Asiyesikiliza hulipa.

Redio, ngonjera na jembe

Mwalimu aliingia katika suala la mazingira mapema. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, ulifanyika mkutano mjini Arusha kuhusu hifadhi ya mali asili katika Afrika. Hapo alitoa tamko ambalo baadaye lilijulikana duniani kote kama Ilani ya Arusha, akiahidi kwamba nchi yake ingelinda wanyamapori na mapori yao kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Lakini tamko la mkutano halimfikii mchunga ng'ombe wa Mvumi. Ili kumfikia, ilibidi zitafutwe njia nyingine.

Njia ya kwanza ilikuwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akisimama njiani kuzungumza na wananchi.

Njia ya pili ilikuwa sanaa. Mwaka 1968 alikutana na washairi na kuwaomba watumie kalamu zao kuwaelimisha wananchi kuhusu Azimio. Kati ya walioitikia wito huo ni Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyezaliwa Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, mwaka 1917. Mnyampala ndiye aliyeeneza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana yanayosemwa jukwaani. Alifariki mwaka 1969, lakini ngonjera zilienea katika shule na mikutano ya vijiji nchi nzima. Mtoto wa darasa la nne aliyesimama mbele ya wazazi wake na kutamka ngonjera kuhusu kilimo au usafi alisikilizwa kuliko ofisa aliyetoka wilayani na faili kwapani.

Njia ya tatu, na pengine iliyofika mbali zaidi, ilikuwa redio. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kuanzia hapo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni kwa kutumia Radio Tanzania. Wanakijiji walikusanyika katika kikundi kwenye redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kilichoandikwa kwa lugha rahisi, wakajadiliana wakiongozwa na mwenzao aliyepewa mafunzo, kisha wakaamua la kufanya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni mbili, na vyoo vingi vilichimbwa nchini. Ilifuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975, na mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali, iliyozungumzia upandaji na utunzaji wa miti.

Siri ya kampeni hizo haikuwa redio peke yake. Redio inaweza kusema usiku kucha na mtu akageuka upande wa pili akalala. Siri ilikuwa ni kikundi. Mtu alisikia jambo pamoja na jirani yake, akabishana naye, na kesho yake wakashika jembe pamoja. Aliyeshindwa kuchimba choo au kupanda mti alijua kuwa jirani anaona.

Matofali ya Chamwino

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwalimu alielekeza macho Dodoma. Mkoa ulikuwa umepigwa na njaa mara kwa mara. Alipiga kambi Chamwino, akafyatua matofali na kulima pamoja na wanakijiji wakati vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa. Kwa Mgogo aliyezoea kumwona kiongozi ndani ya gari, Rais mwenye udongo mikononi alikuwa ni tangazo linalopita maneno. Oktoba 1973 ukatolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma.

Hata hivyo, ni katika vijiji hivyo hivyo Mwalimu alipoteleza. Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulifanywa kuwa amri, na watu wote wa vijijini walitakiwa wawe wamehamia humo ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zao za zamani zikabomolewa.

Kwa ardhi ya Dodoma amri hiyo ilikuwa na gharama ambayo haikupigiwa hesabu. Zamani Wagogo waliishi kwa kutawanyika, tembe moja huku na nyingine kule, na ng'ombe wakifuata malisho kadiri mvua ilivyonyesha. Hiyo ilikuwa ni hekima ya nchi kavu. Walipokusanywa pamoja, kuni zikakatwa zote karibu na kijiji, ng'ombe wakakanyaga njia ile ile kila siku hadi ikawa korongo, na mashamba ya karibu yakachoka kwa kulimwa mfululizo. Kijiji kilipata shule, zahanati na kisima, lakini kikazungukwa na jangwa dogo.

Mwalimu wa watu alikuwa amefanya lile ambalo wakoloni walifanya Uluguru: kuamua kwanza na kueleza baadaye.

HADO na siku ya ng'ombe kuondoka

Mwaka 1973, mwaka ule ule wa uamuzi wa makao makuu, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO. Serikali ya Sweden ilitoa fedha. Kazi kubwa ilianzia Kondoa, katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika kuliko mengine.

Mwanzoni HADO ilitumia mashine kujenga makinga maji, ikapanda miti na kuhimiza ufugaji wa nyuki. Kazi ilikwenda, lakini ilikuwa ghali, na ng'ombe na mbuzi waliendelea kula miche na kukanyaga makinga maji. Mwaka 1979 ukafikiwa uamuzi mzito: mifugo yote iondoke katika eneo hilo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000 walitolewa.

Mtu asiyefuga hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo kwa urahisi. Ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, mahari ya kijana na akiba ya mwaka wa njaa. Kwa lugha ya biashara, ilikuwa kama kufungiwa benki, duka na ghala siku moja. Wengine walipeleka mifugo kwa ndugu walio nje ya mpaka wa mradi, na huko nako malisho yakaanza kuchoka. Wengine waliuza kwa bei yoyote waliyopewa.

Ardhi ilijibu. Katika miaka michache majani yalirudi, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizolala ardhini, na makorongo mengi yakaacha kupanuka. Mwaka 1986 mifugo iliondolewa pia katika eneo la Mvumi. Mwaka 1989 wafugaji wa Kondoa waliruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa bandani, wakikatiwa majani. Hapo mfugaji akaona faida mkononi: ng'ombe mmoja wa bandani anaweza kutoa maziwa kuliko kundi la ng'ombe waliokonda, na mbolea yote inabaki nyumbani.

Je, amri ile ilikuwa sahihi? Anayetazama miti anasema ndiyo. Aliyepoteza ng'ombe anasema alilipa peke yake deni la wengi. Wote wawili wana haki. Linaloonekana wazi ni kwamba kwa miaka 10 mfugaji alinyang'anywa kabla ya kuonyeshwa kitu cha kushika badala yake. Kama ng'ombe wa bandani wangetangulia na amri ikafuata, uchungu ungepungua.

Somo lililopokelewa Shinyanga

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 na kubaki mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Mwaka 1986 ulianza mradi mwingine, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Shinyanga nako kulikuwa kumebaki kama jangwa, baada ya mapori kufyekwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuua mbung'o na kulima pamba.

HASHI haikuondoa ng'ombe. Maofisa wake walikwenda kwa wazee wa Kisukuma na kukuta kuwa wana desturi yao ya tangu zamani iitwayo ngitili, ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili lisaidie kiangazi. Mradi ukaikuza desturi hiyo. Elimu ilipitishwa katika mikutano ya vijiji, maigizo, ngoma na filamu, na sheria za kulinda ngitili zikasimamiwa na walinzi wa jadi wa vijijini. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudiwa na miti. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Tofauti ya Kondoa na Shinyanga ni kubwa. Kondoa mtu aliambiwa aache. Shinyanga mtu aliulizwa babu yake alikuwa akifanya nini, akaambiwa aendelee.

Jembe la Butiama

Mwalimu alirudi Butiama, kijiji alichochungia mbuzi, na akawa mkulima. Wageni waliofika kumwona walimkuta shambani. Baada ya miaka mingi ya kuwaambia watu walime, alikuwa akilima mwenyewe, na hilo lilimpa heshima ambayo cheo hakiwezi kutoa. Alifariki katika hospitali mjini London akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa Butiama.

Dodoma aliyoiota imekua. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Pamoja na jiji yamekuja mahitaji ya mkaa, mbao, mchanga na matofali ya kuchoma. Mfanyabiashara wa mkaa anapata faida leo kutokana na mti uliokua miaka 30. Kwa upande mwingine, mkoani humo wakulima wengi wamejifunza kutunza kisiki hai, yaani kuchagua machipukizi machache kwenye kisiki, kuyapogolea na kuyaacha yakue, bila kununua mche wala kumwagilia. Ni maarifa yanayofanana na yale ambayo ardhi ya Kondoa ilionyesha yenyewe: mizizi haijafa, inangoja nafasi.

Kisiki hai kinaenea kwa njia zile zile ambazo Mwalimu alizijua: mkulima anamfundisha jirani, kikundi kinakutana, redio inatangaza, na shamba la mtu mmoja linakuwa darasa la kijiji kizima. Hakihitaji trekta la Kongwa wala faini ya Uluguru.

Mwalimu aliacha somo katika mafanikio yake na katika makosa yake pia. Alipokaa na watu, akasema lugha yao na kushika jembe, walimfuata. Serikali yake ilipotoa amri kabla ya kueleza, ilipata utii wa muda na manung'uniko ya muda mrefu. Anayetaka leo kumshawishi mkulima wa Bahi, Chemba au Mpwapwa apande mti hana budi kuanza na swali ambalo mkulima mwenyewe analiuliza kila msimu: mti huu utanipa nini, na lini? Akilijibu kwa ukweli, mti utapandwa. Asipolijibu, mche utakauka siku mgeni atakapoondoka.